Kimo, Kipo, Kiko: Miamba ya Paleozoiki ya Bara Hindi na Lugha ya Mahali

1.0 Utangulizi

Mtu anapomletea mwanajiolojia jiwe lenye alama ya mnyama wa kale, swali la kwanza halihusu jina la mnyama huyo. Huulizwa jiwe limetoka wapi. Akijibu kwamba alilikuta mtoni, huulizwa tena: je, lilikuwa limelala juu ya changarawe, au lilikuwa limeshikamana na ukingo? Na kama lilikuwa ukingoni, lilikuwa katika tabaka lipi, juu ya lipi na chini ya lipi? Jiwe ambalo maswali hayo hayakupata jibu laweza kuwa pambo zuri la mezani, lakini ushahidi wake umekwisha potea.

Mwanafunzi wa sarufi ya Kiswahili atatambua kwamba maswali hayo anayajua kwa jina jingine. Lugha ya Kiswahili hutenga mahali pa namna tatu, na huzitenga kwa viambishi ambavyo hata mtoto mdogo huvitumia: -po kwa mahali mahususi panapojulikana, -ko kwa mahali pa jumla pasipo mipaka dhahiri, na -mo kwa mahali pa ndani. Kisukuku kimo mwambani. Kisukuku kipo hapo juu ya mwamba. Kisukuku kiko bondeni. Sentensi hizo tatu zinatofautiana kwa silabi moja tu, lakini kwa mtafiti wa miamba zinatofautiana kama ushahidi wa shahidi aliyeona, wa jirani aliyesikia, na wa mpita njia.

Mhadhara huu unachunguza miamba ya era ya Paleozoiki katika Bara Hindi, yaani eneo la India, Pakistan, Nepal na nchi jirani, pamoja na visukuku vilivyomo. Eneo hilo limechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, historia ya uchunguzi wake inaonyesha waziwazi jinsi hoja nzito za sayansi zilivyosimama au kuanguka kwa sababu ya neno la mahali. Pili, sehemu ya miamba hiyo ni ndugu wa miamba iliyoko Tanzania na Kenya, na kwa hiyo mjadala wa namna ya kuieleza kwa Kiswahili si mjadala wa mambo ya ugenini.

2.0 Muda na Majina Yake

Era ya Paleozoiki ilianza takriban miaka milioni 539 iliyopita na kumalizika takriban miaka milioni 252 iliyopita. Imegawanywa katika vipindi sita: Kambri, Ordovisi, Siluri, Devoni, Kabonifera na Permi. Katika muda huo wanyama wenye magamba na mifupa walienea baharini, mimea na wanyama walipanda nchi kavu, misitu ya kwanza ilisimama, na mwishoni viumbe vingi vya bahari na nchi kavu vikaangamia katika maafa makubwa kuliko yote yaliyoandikwa katika miamba.

Majina ya vipindi hivyo, isipokuwa moja, ni majina ya mahali au ya watu wa mahali. Kambri ni jina la Kilatini la nchi ya Wales. Siluri na Ordovisi ni makabila ya kale ya huko huko. Devoni ni jimbo la kusini magharibi mwa Uingereza. Permi ni mji wa Perm nchini Urusi, ambako Roderick Murchison alikiona kipindi hicho na kukipa jina mwaka 1841. Mwanafunzi asidhani, basi, kwamba anapotumia neno Kambri anatamka neno la kisayansi lililozaliwa likiwa safi na lisilo na kwao. Anataja milima ya Wales.

Jina la sita, Kabonifera, ndilo linalotokana na sifa: maana yake ni kipindi kilichozaa makaa. Ni rahisi kushawishika kulitafsiri kuwa “Kipindi cha Makaa ya Mawe”. Tafsiri hiyo ingekuwa nyepesi masikioni, lakini ingempotosha msomaji wa Kiswahili kuliko msomaji mwingine yeyote. Makaa ya mawe ya Uingereza kweli ni ya kipindi hicho. Makaa ya Raniganj na Jharia nchini India, na vivyo hivyo makaa ya Ngaka, Mchuchuma na Kiwira nchini Tanzania, ni ya kipindi cha Permi kilichofuata. Mwanafunzi wa Mbinga angefundishwa kwamba makaa anayoyaona yakichimbwa wilayani kwake ni ya kipindi ambacho si chake. Hapo ndipo istilahi inayoeleweka kwa urahisi inapokuwa mbaya kuliko neno la kukopa lisiloeleweka mara moja.

3.0 Safu ya Chumvi: Kuwamo na Kuingia

Kaskazini mwa jimbo la Punjab nchini Pakistan kuna safu ya vilima iitwayo kwa jina la bidhaa yake: Safu ya Chumvi. Katika mgodi wa Khewra watu wamechimba chumvi kwa karne nyingi, na chumvi hiyo ya rangi ya waridi imefika madukani duniani kote. Juu ya chumvi hiyo na udongo wake mwekundu yamepangana matabaka ya kipindi cha Kambri: mawe ya mchanga ya Khewra, kisha matabaka ya Kussak, kisha Jutana, na hatimaye Baghanwala, ambamo zimehifadhiwa alama za fuwele za chumvi zilizoyeyuka na nafasi zake kujazwa tope.

Katika matabaka ya Kussak mna visukuku vya brakiopodi, yaani wanyama wa bahari wenye magamba mawili wanaofanana kwa mbali na chaza, pamoja na trilobiti wa jenasi ya Redlichia. Trilobiti walikuwa wanyama wa bahari wenye miili iliyogawanyika mapande mapande, jamaa wa mbali wa kamba na kaa wa leo. Wao ndio waliowawezesha watafiti kusema kwamba matabaka hayo ni ya Kambri.

Lakini je, chumvi iliyo chini yake ni ya zamani zaidi, kama inavyoelekea kwa kuwa iko chini? Swali hilo liliwagawa wataalamu kwa miaka mingi. Birbal Sahni, mtaalamu mashuhuri wa mimea ya kale nchini India, alipima vipande vya chumvi na udongo wake kwa hadubini akakuta chembechembe za mimea ya jamii inayochanua maua. Mimea hiyo haikuwako duniani wakati wa Kambri. Kwa hiyo alishikilia kwamba chumvi ni changa sana, na kwamba miamba mizee ilisukumwa juu yake na nguvu za kukunjamana kwa ardhi. Mikutano maalumu ya wanasayansi iliitishwa mwaka 1944 na 1945 kulijadili jambo hilo.

Hakuna aliyetilia shaka kwamba Sahni aliziona chembe hizo. Suala lilikuwa la namna zilivyofika zilipo. Chumvi huyeyuka na kuganda upya, maji hupita katika nyufa zake, vumbi hupenya. Leo chumvi hiyo huwekwa kati ya mwisho wa enzi iliyotangulia Paleozoiki na mwanzo wa Kambri, na chembe za mimea huchukuliwa kuwa ziliingia baadaye. Kwa Kiswahili mgogoro wote waweza kusemwa hivi: upande mmoja ulisema chembe zimo, upande wa pili ukasema zimeingia.

Mfano huu unaonyesha nguvu ya kiambishi -mo na pia mpaka wake. Neno “zimo” hueleza hali ya sasa ya kuwa ndani. Halielezi kama kilichomo kilitua pamoja na tope siku ile tope lilipotua, au kiliingia baada ya mamilioni ya miaka. Kwa tofauti hiyo lugha inahitaji kitenzi, na kitenzi kipo pamoja na minyambuliko yake: kuingia, kuingizwa, kutuama, kufukiwa, kufukuliwa. Mwandishi wa sayansi anayetosheka na “zimo” bila kusema zilifikaje ameacha nusu ya kazi.

4.0 Pengo

Juu ya matabaka ya Baghanwala mtafiti wa Safu ya Chumvi hukutana na jambo la ajabu. Tabaka linalofuata, la Tobra, si la Ordovisi wala Siluri wala Devoni. Ni la mwanzo wa Permi. Kidole kinachowekwa kwenye mpaka huo kinagusa pengo linalokaribia miaka milioni 200. Ama miamba ya muda huo haikutua hapo, ama ilitua kisha ikamomonyolewa yote.

Katika sehemu kubwa ya rasi ya India pengo ni refu zaidi. Huko miamba mizee iliyotangulia Paleozoiki hufuatwa moja kwa moja na miamba ya barafu na makaa ya Permi. Ndiyo maana mtu anayetaka kuiona Paleozoiki ya Bara Hindi kwa mfululizo hana budi kupanda Himalaya.

Katika bonde la Spiti, jimboni Himachal Pradesh, mfululizo huo umehifadhiwa vizuri kuliko mahali pengi. Ferdinand Stoliczka, mzaliwa wa Moravia aliyefanya kazi katika Idara ya Uchunguzi wa Jiolojia ya India, alilichunguza eneo hilo katika miaka ya 1860. Alifariki safarini Ladakh mwaka 1874. Henry Hayden alichapisha taarifa yake pana kuhusu Spiti mwaka 1904. Katika bonde la Parahio mna trilobiti wa Kambri. Juu zaidi kuna majabali meupe ya mawe magumu ya mchanga yaitwayo Muth, kwa jina la kijiji kilichopo hapo, ambayo ni ya kipindi cha Devoni. Juu yake yamefuata mawe ya chokaa na ya tope ya Kabonifera, kisha mawe meusi ya Permi yenye brakiopodi.

Mashariki zaidi, mpakani mwa Nepal na China, kuna ushahidi unaojulikana hata na wasio wanajiolojia. Kilele cha mlima Everest, chenye kimo cha mita 8,848.86, ni mawe ya chokaa ya kipindi cha Ordovisi. Ndani yake mna vipande vya trilobiti, brakiopodi na maua-bahari. Wakati Edmund Hillary na Tenzing Norgay walipofika hapo mwaka 1953, walisimama juu ya sakafu ya bahari. Hapo usahihi wa lugha unadaiwa kwa ukali. Mtu akisema “kuna makombe kileleni”, msikilizaji aweza kudhani kwamba yaliletwa na ndege, na binadamu au na gharika. Akisema “kileleni mna makombe”, amesema jambo jingine kabisa: kilele chenyewe kimeumbwa kwa makombe.

Kwa mkazi wa pwani ya Afrika Mashariki dhana hiyo si ngeni. Neno mwamba kwake hutaja jiwe la nchi kavu na pia jiwe la bahari linalozuia mawimbi. Nyumba za miji ya kale ya Waswahili zilijengwa kwa matumbawe na chokaa iliyochomwa kutoka matumbawe hayo hayo, na fundi aliyechonga jiwe aliona wazi matundu ya wanyama waliolijenga. Matumbawe hayo ni machanga sana yakilinganishwa na Paleozoiki. Hata hivyo, kanuni ni moja: jiwe laweza kuwa kaburi la mamilioni ya viumbe, na ukuta ukawa umesimama kwa miili yao.

5.0 Barafu ya Talchir

Mwaka 1856 ndugu wawili, William Thomas Blanford na Henry Francis Blanford, pamoja na William Theobald, walieleza miamba ya bonde la Talchir katika eneo ambalo leo ni jimbo la Odisha. Katika matabaka ya tope laini waliona mawe makubwa, mengine mazito mno, yakiwa yamezama humo bila kupangika. Mto wenye nguvu ya kusukuma jiwe kubwa hauachi tope laini litue. Na maji tulivu yanayoruhusu tope kutua hayawezi kusukuma jiwe kubwa. Vipi basi mawe yamo topeni?

Jibu lao lilikuwa barafu. Barafu hubeba jiwe na vumbi bila kuvichagua, na ikiyeyuka huvidondosha pamoja. Jibu hilo lilihitaji ujasiri, kwa kuwa lilitolewa katika nchi ya joto, chini ya jua la Odisha. Baadaye, katika miaka ya 1870, huko Irai karibu na mto Penganga ulipatikana mwamba mzee uliosuguliwa na kuchorwa mistari sambamba, kama inavyochorwa miamba iliyokanyagwa na barafu inayotambaa. Tabaka la Tobra katika Safu ya Chumvi nalo lina mawe ya aina hiyo.

Juu ya miamba ya barafu ya rasi ya India yalitua matabaka yenye makaa. Uchimbaji wa makaa ya Raniganj ulianza mwaka 1774, na haja ya kujua makaa mengine yako wapi ndiyo iliyochangia sana kuanzishwa kwa Idara ya Uchunguzi wa Jiolojia ya India mwaka 1851, chini ya Thomas Oldham. Mkusanyiko huo wote wa miamba, kuanzia ya barafu na kuendelea juu, ulihitaji jina. Henry Benedict Medlicott alipendekeza jina Gondwana mwaka 1872, na Otakar Feistmantel akalichapisha mwaka 1876. Ni jina la nchi ya Wagondi, watu wa misitu ya India ya kati. Mwaka 1885 Eduard Suess alilipanua likawa jina la bara zima la kale. Hivyo jina la watu ambao wengi wao hawakuwa na habari na mjadala huo limekuwa jina la nchi iliyojumuisha Afrika, Amerika ya Kusini, India, Australia na Antaktika.

6.0 Jani la Ulimi

Ushahidi uliomsukuma Suess ulikuwa jani. Mwaka 1828 Adolphe Brongniart wa Ufaransa aliupa jina la Glossopteris mmea wa kale ambao majani yake yalikuwa yamepatikana India na Australia. Jina hilo la Kigiriki lina maana ya kangaga wa ulimi, kwa kuwa jani lina umbo la ulimi, lenye mshipa wa katikati na mishipa midogo iliyofumana kama wavu. Baadaye ilithibitika kwamba haukuwa kangaga bali mmea wenye mbegu. Jina lilibaki, na umbo la ulimi likabaki kuwa kweli.

Mwaka 1912 Robert Falcon Scott na wenzake, wakirudi kutoka Ncha ya Kusini, waliokota mawe karibu na mto wa barafu wa Beardmore na kuyakokota hadi walipofia. Mawe hayo yalikuwa na uzito wa takriban kilo 16, na ndani yake mlikuwa na majani ya Glossopteris. Mwaka huo huo Alfred Wegener alitangaza nadharia yake kwamba mabara yamesogea. Suess alifikiri kwamba nchi kavu iliyoyaunganisha mabara ilizama baharini. Wegener alisema mabara yenyewe yaliachana. Historia ya baadaye ilimpa haki Wegener. Bara Hindi liliachana na Afrika, likasafiri kaskazini, na takriban miaka milioni 50 iliyopita likagongana na Asia, mgongano uliozikunja sakafu za bahari hadi zikawa Himalaya.

Afrika Mashariki imo katika ushahidi huo. Katika bonde la Ruhuhu, kusini magharibi mwa Tanzania, miamba inaanza kwa matabaka ya barafu ya Idusi, hufuatwa na matabaka ya makaa ya Mchuchuma yenye majani ya Glossopteris, kisha juu yake mna mifupa ya wanyama wa nchi kavu. Mfuatano ni ule ule wa India: barafu, makaa, mifupa. Mnyama mmoja aliyekula majani, Endothiodon, amepatikana katika miamba ya Permi ya Ruhuhu na pia katika matabaka ya Kundaram nchini India. Mnyama wa namna hiyo hakuogelea bahari kuu. Alitembea, kwa kuwa njia ilikuwako.

Pwani nayo ina sehemu yake. Mjusi wa kale wa mwisho wa Permi aliyepatikana Tanga alipewa na Sidney Haughton, mwaka 1924, jina la Tangasaurus. Nyuma ya Mombasa miamba ya jamii hiyo hiyo huitwa, kwa kufuata vijiji na vituo, Taru, Maji ya Chumvi, Mariakani na Mazeras. Miongoni mwa majina hayo manne, lile la Maji ya Chumvi ni fungu kamili la maneno ya Kiswahili. Limeandikwa katika vitabu vya jiolojia kwa miaka mingi ndani ya sentensi za Kiingereza, na wasomaji wake wa kigeni hulitamka bila kujua kwamba linazungumzia maji. Upande mmoja wa bahari kuna Safu ya Chumvi, upande wa pili kuna Maji ya Chumvi. Katika zote mbili mwenyeji aliyeonja ndiye aliyetangulia kutaja.

7.0 Visukuku Visivyo na Mahali

Mwaka 1989 John Talent, mtaalamu wa Australia, alichapisha katika jarida la Nature makala iliyotikisa uwanja huu. Alionyesha kwamba visukuku vingi vilivyodaiwa, kwa zaidi ya miaka 20, kuwa vilipatikana katika Himalaya havikutoka huko. Baadhi vilifanana mno na vile vinavyouzwa kwa watalii huko Morocco. Vingine vilifanana na vile vya eneo moja linalojulikana sana katika jimbo la New York. Vilikuwa vimeelezwa katika makala nyingi, na watafiti wengine, kwa nia njema, walikuwa wameshirikishwa kuviandika.

Kinachostahili kuzingatiwa ni kwamba visukuku vyenyewe havikuwa bandia. Vilikuwa visukuku vya kweli vya wanyama wa kweli wa Paleozoiki, na majina yao yalikuwa sahihi. Uongo ulikuwa katika neno moja tu la sentensi: neno la mahali. Neno hilo lilipoharibika, kila kilichojengwa juu yake kiliharibika pia. Ramani za bahari za kale, umri wa matabaka, uhusiano wa Himalaya na nchi nyingine: yote yalilazimika kupimwa upya, na mzigo uliwaangukia vijana waliotegemea makala hizo katika tasnifu zao.

Aidha, ilionekana kwamba maelezo ya mahali katika makala zile yalikuwa hafifu kiasi kwamba watafiti wengine walishindwa kurudi palipotajwa. Kwa istilahi za sarufi, mahali pa -ko pamekuwa pakitumika badala ya pa -po na -mo. Ukungu wa lugha ulikuwa maficho.

8.0 Wajibu wa Lugha

Katika mazungumzo ya kila siku, hasa mijini, wasemaji wengi leo hutumia -ko kwa namna zote tatu: kitabu kiko mezani, sukari iko koponi, mtu yuko mlangoni. Mawasiliano hayavunjiki, na hakuna haja ya kuwakemea. Lakini mwandishi wa sayansi yumo katika kazi nyingine. E. O. Ashton alipoieleza mifumo hii katika sarufi yake ya mwaka 1944 alikuwa akiwafundisha wageni kusema vizuri. Thamani yake kwa mwanasayansi wa Kiswahili ni zaidi ya kusema vizuri: ni chombo cha kupimia ushahidi, kilichokwisha tengenezwa na wasemaji wenyewe. Wanasayansi wa Ulaya walilazimika kukopa kirai cha Kilatini ili kusema kwamba kitu kimekutwa mahali pake pa asili. Mwanafunzi wa Kiswahili aweza kuanza na “kimo”, akaongeza kitenzi cha namna kilivyofika humo.

Kuhusu istilahi, mifano iliyotajwa inaelekeza njia iliyo wazi. Majina ya vipindi, kwa kuwa ni majina ya mahali, yakopwe na kutoholewa: Kambri, Devoni, Permi. Majina ya matabaka yabaki kama wenyeji wanavyoyaita, iwe Talchir, Muth au Maji ya Chumvi. Lakini maneno ya uhusiano, ambayo ndiyo mifupa ya fikra, yawe ya Kiswahili: tabaka, pengo, mpaka, ufa, kutua, kufukiwa, kukunjamana, kumomonyoka. Kisukuku, neno lililokwisha kubalika katika kamusi na shule, linaonyesha kwamba istilahi ikitumiwa huota mizizi.

Yapo mabishano dhidi ya jambo hili. Wapo wanaosema kwamba kwa kuwa masomo ya sayansi katika shule nyingi za sekondari za Tanzania na Kenya hufundishwa kwa Kiingereza, na machapisho ya utafiti ni ya Kiingereza, kuandika jiolojia kwa Kiswahili ni kumwongezea mwanafunzi mzigo. Hoja hiyo ina uzito, kwa maana mtafiti hawezi kuepuka Kiingereza. Hata hivyo, inasahau ni nani hukutana na miamba kwanza. Mchimba makaa wa Ngaka, mpasua kokoto wa Mariakani, mwalimu wa shule ya msingi wa Ludewa na mchungaji anayeona mfupa ukingoni mwa mto Ruhuhu: hao ndio macho ya kwanza ya sayansi, na wengi wao huona kwa Kiswahili. Wakifundishwa kuandika “kilikuwamo ukingoni, katika tabaka jeusi, chini ya mawe mekundu”, wamehifadhi jambo ambalo profesa akija baada ya mvua mbili hataliona tena. Wasipofundishwa, wataokota, watapeleka nyumbani, na kitakachobaki ni jiwe.

9.0 Hitimisho

Miamba ya Paleozoiki ya Bara Hindi imefundisha mambo matatu yanayohusu lugha moja kwa moja. Chumvi ya Khewra imefundisha kwamba kuwamo si sawa na kuwa wa humo tangu awali. Pengo lililo juu ya Baghanwala limefundisha kwamba kutokuwako kwa miamba nako ni habari, na kwamba habari hiyo husemwa kwa kutaja mipaka yake pande zote mbili. Kashfa ya mwaka 1989 imefundisha kwamba ukweli wa kitu hautoshi pasipo ukweli wa mahali pake.

Jani la Glossopteris limefundisha la nne. Jani hilo lenye umbo la ulimi limo katika miamba ya Raniganj, limo Mchuchuma, limo Antaktika. Na kwa sababu watu walisema kwa usahihi limo wapi, mabara yaliyotengana yalitambuliwa kuwa yalikuwa nchi moja. Wataalamu wa Kiswahili wanaopanga kamusi za sayansi, na wanafunzi watakaozitumia, wana deni la kuhakikisha kwamba usahihi huo hausubiri lugha nyingine. Kazi yaweza kuanza na jambo dogo: kila kielelezo cha mwamba katika maabara ya shule kiandikiwe kibandiko cha Kiswahili, kinachosema kilikuwamo, kilikuwapo, au kilikuwako wapi.